Mnunuzi wa Mbali: Siku Moja Kwenye Barabara ya Mitla

Kila asubuhi magari madogo ya watalii hutoka katikati ya mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, na kushika barabara kuu namba 190 kuelekea mashariki. Ratiba zao zinafanana kwa sababu upande huo wa bonde una barabara moja tu ya maana. Utaanza na mti mkubwa wa Tule, uende kwa wafumaji wa Teotitlán del Valle, ule Tlacolula, uone magofu ya Mitla, kisha umalizie kwenye mtambo wa mezcal, pombe ya agave, huko Santiago Matatlán. Kutoka mjini hadi Mitla ni kama kilomita 45. Mwenye haraka angefika ndani ya saa moja, lakini mtalii hulipia kutwa nzima.

Katika kila kituo mwongozaji atataja mambo ya kale: rangi za kale, ufundi wa kale, kinywaji cha mababu. Hasemi uongo, ila anairuka sehemu tamu ya hadithi. Watu wa bonde hili wamekuwa wakimfanyia kazi mnunuzi wa mbali tangu kabla Mhispania hajatia mguu, na kila mnunuzi aliyekuja alitaka kitu kibadilike: uzi, rangi, umbo la chungu, ukali wa pombe. Walibadilisha. Na ufundi ukaendelea kuwa wao.

Wazapoteki, wenyeji wa bonde hili, walijenga mji wao mkuu juu ya kilima cha Monte Albán yapata mwaka 500 KK, wakaukalia kwa zaidi ya miaka 1,000, kisha wakauhama. Mamlaka yakagawanyika kati ya falme ndogondogo za bondeni, Mitla ikiwa mojawapo ya zile zilizoheshimiwa sana. Katika karne ya 15 wakashuka Waazteki kutoka Tenochtitlan, wakaweka kambi ya askari pale ambapo leo ni mji wa Oaxaca, wakaanza kudai kodi. Orodha ya kodi hiyo imesalia katika Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha michoro kilichoandikwa baada ya Wahispania kuuteka mji wa Waazteki. Humo mna vitambaa vya pamba, nafaka, dhahabu, na mifuko ya kochinili, yaani vidudu vikavu vya kutengenezea rangi nyekundu. Huyo ndiye mnunuzi wa kwanza tunayemfahamu kwa maandishi, ingawa alikuwa mnunuzi asiyelipa.

Tenochtitlan ilianguka mwaka 1521, na kabla mwaka huohuo haujaisha Wahispania walikuwa wamekwisha kufika Oaxaca. Mwaka 1529 Hernán Cortés alipewa cheo cha Markizi wa Bonde la Oaxaca, cheo ambacho kilimpa ardhi na watu wa kumtozea. Kodi ile ile ya vitambaa na kochinili ikabadilisha mwelekeo: badala ya kupanda milimani kwenda Tenochtitlan, ikateremka bandarini kwenda Hispania.

Mti wa Tule unastahili dakika ishirini, nazo ndizo unazopewa. Ni mti wa jamii ya saipresi unaopenda maji, shina lake lina mzingo unaozidi mita 35, na umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 1,400 na 2,000. Kwa muda mrefu watu walibishana kama ni mti mmoja au ni miti kadhaa iliyoshikana. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa ni mmoja. Watoto wa kijiji huwaelekeza wageni kwa mwanga wa jua unaoakisiwa na kioo cha mkononi: pale kichwa cha simba, pale mkonga wa tembo. Mti unahitaji maji mengi, nao ukaribu wa mji na visima vyake haukuwa neema kwake. Basi, gari linaondoka.

Teotitlán del Valle iko chini ya mlima, kilomita chache kutoka barabara kuu. Hapa ndipo pa kukaa. Kabla ya Wahispania, wanawake wa bonde walifuma pamba kwa kitanda chepesi ambacho upande mmoja hufungwa kwenye nguzo na upande wa pili kiunoni mwa mfumaji. Mapadri wa Kidominiko walileta kondoo na kitanda kikubwa cha mbao chenye kanyagio. Mara nyingi sifa hiyo hupewa Juan López de Zárate, askofu wa kwanza wa Oaxaca. Kitanda kipya kilikaliwa na wanaume. Wanawake wakabaki na kuchambua na kusokota sufu, kazi inayochukua saa nyingi kuliko ufumaji wenyewe na ambayo hakuna mtalii anayeipiga picha. Kwa karne tatu na zaidi kijiji kilitengeneza mablanketi mazito ya kujifunika usiku, yakibebwa na nyumbu kwenda kuuzwa katika masoko ya milimani.

Sasa angalia kinachofanyika uani mwa nyumba ya mfumaji. Mwenyeji anachukua jani la mpungate lililokaliwa na madoa meupe kama ukungu. Anabandua doa moja kwa ncha ya kijiti, analiweka kiganjani, analiponda kwa kidole. Kiganja kizima kinakuwa chekundu, wekundu wa damu mbichi. Anakamulia tone la ndimu, rangi inageuka kuwa ya chungwa. Ananyunyizia chembe za magadi, inageuka zambarau. Hapo wageni wote huwa wameshatoa simu.

Doa hilo ni kidudu cha kochinili, jike lisilo na mabawa, linaloishi kwa kufyonza utomvu wa mpungate na kujikinga na maadui kwa asidi chungu, na asidi hiyo ndiyo rangi. Wakulima walivikung'uta kwa brashi laini, wakaviua kwa moto au jua, wakavikausha. Nusu kilo ya kochinili kavu ilihitaji vidudu kama 70,000. Ulaya haikuwa na rangi nyekundu yenye nguvu kama hiyo, na katika enzi ya ukoloni kochinili ilikuwa bidhaa ya pili kwa thamani, baada ya fedha, kusafirishwa kutoka koloni la Hispania la Meksiko. Makoti mekundu ya maofisa wa jeshi la Uingereza yalitiwa rangi hiyo. Hispania iliifanya siri, hata wasomi wa Ulaya wakabaki kubishana kama ni mbegu, ni tunda au ni mdudu, mpaka hadubini ilipomaliza ubishi.

Watawala wa Kihispania hawakuilima wao wenyewe. Kidudu hiki ni dhaifu, kinataka macho na mikono ya familia iliyo karibu nacho kila siku, kwa hiyo kilistawi kwenye viwanja vidogo vya Wazapoteki na majirani zao Wamisteki. Mkuu wa wilaya alichofanya ni kugawa pesa mapema, kisha akadai kulipwa kwa kochinili kwa bei aliyoipanga yeye, chini kabisa ya bei ya soko. Wakulima wa pamba na kahawa wa Afrika Mashariki wanaijua biashara ya namna hiyo. Mwaka 1660 watu wa Tehuantepec, upande wa pwani wa jimbo, walichoshwa na madai ya mkuu wao wa wilaya wakamuua, na uasi ukasambaa katika wilaya za jirani. Pamoja na hayo, mkulima mdogo hakupokonywa kidudu chake, maana hakuna aliyejua kukitunza kuliko yeye. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya vijiji vya Oaxaca kubaki na ardhi yao kwa kiwango ambacho sehemu nyingi za Meksiko hazikuweza.

Mwaka 1777 mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Thiéry de Menonville, aliingia Oaxaca kwa siri, akanunua majani ya mpungate pamoja na wakazi wake, akayatorosha hadi koloni la Saint-Domingue, Haiti ya leo. Alifariki mwaka 1780 na mradi ukafa naye. Lakini siri ilikuwa imekwisha kuvuja. Katika karne ya 19 Guatemala na Visiwa vya Kanari vilikuwa vinauza kochinili kwa wingi. Halafu wakaja wakemia. William Perkin alipata rangi ya kwanza ya kiwandani mwaka 1856, nyekundu za maabara zikafuata, na mnunuzi wa mbali akaondoka bila kuaga. Leo nchi inayoongoza kwa kuzalisha kochinili ni Peru.

Teotitlán ilitumia rangi za pakiti kama kila mtu. Kilichoirudisha kochinili kilikuwa lami. Katika miaka ya 1940 barabara kuu ya kuunganisha nchi za Amerika ilipitishwa bondeni, na katika kipindi hichohicho, kuanzia 1942 hadi 1964, wanaume wengi wa kijiji walikwenda Marekani kwa mkataba wa vibarua wa mashambani. Walirudi na mtaji, na walirudi wakijua Wamarekani wanapenda kununua nini. Blanketi likaanza kuwa zulia. Miaka ya 1970 na 1980 wafanyabiashara wa Marekani walileta oda za michoro ya Wanavajo, watu wa nchi nyingine kabisa, na Wazapoteki wakaifuma. Waliletewa picha za Picasso, Miró na Escher, wakazifuma pia, kwa ustadi unaotisha. Baadaye mnunuzi akachoka na rangi za dukani akaanza kuulizia za asili. Mizizi, maganda ya komamanga, nili na kochinili vikarudi sufuriani. Kwa hiyo rangi ya kale unayoonyeshwa leo ni ya kale kweli, lakini ilipumzika kwanza, na aliyeiamsha ni mteja.

Kuna jambo moja mwongozaji hatalitaja, kwa kuwa linamhusu. Maduka makubwa yaliyo kando ya barabara humpa kamisheni kwa kila zulia linalonunuliwa na wageni wake, na kamisheni hiyo imo ndani ya bei. Mfumaji aliye ndani zaidi kijijini, asiye na uwanja wa kuegeshea basi, humuuzia mwenye duka. Kuanzia miaka ya 1980 wanawake wa Teotitlán walianza kuunda vyama vyao vya ushirika ili wauze bila kupitia kwa mfanyabiashara wala kwa mume. Wakati huo walikuwa wamekwisha kukaa wenyewe kwenye kitanda cha kanyagio, mahali ambapo bibi zao hawakukaa. Ukipata nafasi ya kuchagua, uliza ni nani aliyefuma zulia hili, na subiri jibu.

Vituo viwili haviko kwenye barabara hii, viko upande wa kusini wa mji, lakini siwezi kuviacha. San Bartolo Coyotepec ni kijiji cha wafinyanzi. Vyungu vyao vya zamani vilikuwa vya kijivu kilichofifia, vigumu, vya kubebea maji na mezcal. Katika miaka ya 1950 mfinyanzi mmoja, Rosa Real, ambaye kila mtu alimwita Doña Rosa, aligundua kwamba chungu kikisuguliwa kwa jiwe la kwazi kabla hakijakauka kabisa, kisha kikachomwa kwa moto mdogo zaidi katika tanuri lililozibwa, hutoka cheusi kinachong'aa kama chuma kilichopigwa msasa. Ubaya wake ni kwamba chungu hicho huvunjika upesi na hakishiki maji. Mnunuzi hakujali, alikuwa anatafuta kitu cha kuweka juu ya kabati. Nelson Rockefeller alikuwa miongoni mwa wakusanyaji wa kazi zake. Leo weusi ule unaong'aa huuzwa kama urithi wa mababu, na mababu wangeurudisha kwa fundi.

Kwenye kituo cha pili, San Martín Tilcajete, wanyama wa mbao wenye rangi kali, wenye mabawa ya popo na mikia ya mjusi, ni wadogo zaidi kwa umri. Jina lao, alebrije, lilianza Mexico City na Pedro Linares, fundi wa vinyago vya karatasi, aliyesema viumbe hivyo vilimjia ndotoni alipokuwa mgonjwa mwaka 1936. Manuel Jiménez wa Arrazola, karibu na Oaxaca, ndiye aliyeanzisha uchongaji wa mbao wa namna hiyo, na kijiji cha San Martín Tilcajete kikaufanya kazi ya karibu kila nyumba. Msomaji wa Dar es Salaam aliyeona jinsi michoro ya Edward Tingatinga ya mwaka 1968 ilivyogeuka kuwa sanaa ya taifa zima hatapata shida kuelewa yaliyotokea Tilcajete. Hata tamasha kubwa la ngoma za jimbo, Guelaguetza, kwa sura yake ya sasa linaanzia sherehe za mwaka 1932 za kuadhimisha miaka 400 ya mji.

Turudi barabarani, maana njaa imeingia. Tlacolula ina soko la Jumapili ambalo watu wa milimani hulijia na punda, pikipiki na malori. Ndani ya soko kuna ujia uliojaa moshi: unanunua nyama mbichi kwa muuzaji huyu, vitunguu na pilipili kwa yule, unavichoma mwenyewe kwenye jiko la mkaa lililo mbele yao, kisha unatafuta mama anayeuza tortilla, chapati za mahindi. Mbuzi aliyepikwa usiku kucha ndani ya shimo huuzwa kwa supu yake. Kuna mafungu ya panzi wa kukaanga kwa ndimu, chumvi na kitunguu saumu, ambao hawatamshangaza mtu wa Bukoba. Na kuna tejate, kinywaji baridi cha mahindi, kakao, kokwa la tunda la mamey na maua makavu yenye harufu nzuri. Mwanamke huvikanda kwa mkono hadi kiwiko ndani ya karai kubwa la udongo, akimimina maji kutoka juu mpaka povu zito jeupe lielee. Ukipewa kibuyu chako, povu ndilo huliwa kwanza.

Chakula kinachotajwa na kila mgeni ni mole, na kwa Oaxaca hasa mole nyeusi. Ni mchuzi mzito wa kuku au bata mzinga wenye pilipili kavu za aina kadhaa, ufuta, lozi, zabibu kavu, nyanya, ndizi, mdalasini, karafuu na chokoleti kidogo. Weusi wake hautoki kwenye chokoleti kama wengi wanavyodhani. Mpishi huunguza makusudi mbegu za pilipili pamoja na tortilla mpaka viwe mkaa, kazi inayofanyiwa uani kwa sababu moshi wake hufukuza watu ndani ya nyumba. Kisha kila kitu husagwa, zamani kwenye jiwe, siku hizi kwa mashine ya mtaani ambayo mwenyewe huulizwa kwanza kama leo anasaga mahindi au mole.

Ukivichambua viungo vyake utaona njia za bahari. Pilipili, kakao, nyanya na bata mzinga ni vya hapahapa. Mdalasini na karafuu vilitoka Asia, na sehemu yake vilivuka Pasifiki kwa meli za Manila zilizofika Acapulco kati ya 1565 na 1815. Karafuu ya wakati huo ilitoka visiwa vya Maluku. Mashamba ya Unguja na Pemba yalikuwa bado hayajapandwa. Kwa hiyo mole ya leo, hata ikipikwa na bibi asiyesema Kihispania, ni mtoto wa biashara ya dunia.

Mwaka 2002 kampuni ya McDonald's ilitaka kufungua mgahawa kwenye uwanja mkuu wa Oaxaca. Mchoraji Francisco Toledo, Mzapoteki aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mwanasiasa yeyote wa jimbo, aliongoza upinzani kwa kugawa chakula cha kienyeji cha tamale bure uwanjani, na wenye mamlaka wakakataa kutoa kibali. Miaka minane baadaye UNESCO iliorodhesha mapishi ya jadi ya Meksiko kuwa urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Mitla huonwa baada ya chakula, jua likiwa kali. Kuta za majumba yake zimefunikwa kwa michoro ya mistari inayozunguka na kujikunja, iliyotengenezwa kwa makumi ya maelfu ya vipande vya mawe vilivyochongwa na kubanwa bila chokaa. Hakuna ukuta unaofanana kabisa na mwingine. Wafumaji wa Teotitlán wamechukua michoro hiyo na kuitia kwenye mazulia, na huuzwa haraka kuliko ya Picasso siku hizi. Katikati ya magofu limesimama kanisa la San Pablo, lililojengwa juu ya jumba la kale kwa mawe ya jumba lenyewe.

Gari halisimami karibu na Mitla mahali ambapo mimi ningelisimamisha. Kuna pango dogo liitwalo Guilá Naquitz, halina cha kupigia picha. Kent Flannery na wenzake walilichimba mwaka 1966. Walipata mbegu za maboga yaliyopandwa na watu miaka ipatayo 10,000 iliyopita, na magunzi ya mahindi, madogo kuliko kidole, yenye umri wa miaka kama 6,250, yaliyo miongoni mwa ya kale zaidi kuwahi kupatikana. Pango hilo na mengine ya Mitla na Yagul, jirani yake, yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010. Mahindi hayo ndiyo yaliyovuka Atlantiki baada ya Columbus na kuingia Afrika kwa meli za Wareno, nayo ndiyo ugali wa leo.

Yalivuka, lakini mapishi yake hayakupanda meli. Mpishi wa Mitla huchemsha mahindi na chokaa, huyalaza usiku kucha, huyaosha maganda yakatoka, ndipo akasaga. Chokaa hiyo hufungua vitamini ya niasini ambayo mahindi makavu huifungia ndani. Wanaokula mahindi matupu bila chokaa na bila kitoweo cha kutosha hupata pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huharibika, akili huchanganyikiwa. Italia ya kaskazini iliteswa nayo kwa muda mrefu, kusini mwa Marekani pia. Mwaka 1990 iliwashambulia kwa maelfu wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, mgao wao wa karanga ulipokatika na kubaki mahindi.

Kituo cha mwisho ni Matatlán, penye lango la barabarani linalojitangaza kuwa mji mkuu wa mezcal duniani. Mashamba ya pande zote yana mimea ambayo mtu wa Tanga angeitambua akiwa ndani ya gari. Agave ni jamii ya mkonge. Mkonge wetu ni ndugu yake kutoka Yucatán. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida, na iliyofika Tanga hai mwaka 1893 ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa mkonge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sisi tulikata majani tukatoa nyuzi. Wao hukata majani na kuyatupa, wakachukua kiini.

Aina inayolimwa sana huitwa espadín, nayo hukaa shambani miaka sita hadi minane au zaidi. Aina nyingine za porini, kama tepeztate, huchukua hata miaka 25. Mmea hutoa ua mara moja maishani kisha hufa, kwa hiyo mkulima huukata mlingoti wa ua unapoanza kuchomoza, sukari ibaki kiinini. Kiini kilichochongwa majani kinaweza kuwa na kilo 50 au zaidi. Hupasuliwa kwa shoka, hupangwa ndani ya shimo lenye mawe yaliyopashwa moto kwa kuni, hufunikwa kwa makapi na udongo, huachwa siku tatu hadi tano. Kinachotoka ni cha kahawia, kinanata, na ni kitamu. Mgeni hupewa kipande atafune na kutema nyuzi. Farasi huzunguka akivuta jiwe kubwa la kusagia. Maji huongezwa, mchanganyiko huachwa uchache wenyewe ndani ya mapipa ya mbao, halafu hukenekwa mara mbili kwenye mtambo wa shaba. Huko Santa Catarina Minas bado hutumia vyungu vya udongo.

Mkenekaji hapimi kwa kifaa cha maabara. Hufyonza mezcal kwa mwanzi mwembamba, kisha huiachia idondoke ndani ya kibuyu kutoka juu kidogo. Povu dogo huibuka, nalo mafundi huliita lulu. Lulu zikiwa kubwa na kupotea upesi, pombe ni kali mno au ni hafifu mno. Zikiwa ndogo, zimejipanga ukingoni na kudumu, ipo karibu na asilimia 50. Fundi huangalia kwa nukta chache tu, humimina kibuyu mtunguni, huenda zake. Ni tendo ambalo ningelitazama mara kumi kabla ya kuangalia ukuta wa Mitla mara ya pili.

Je, ni kinywaji cha mababu? Mababu walichachua utomvu wa agave na kula kiini chake kilichookwa, hilo halina shaka. Wapo wataalamu wanaotetea kwamba walikeneka pia, lakini ushahidi ulio imara zaidi unaelekeza kwenye pwani ya Pasifiki. Mabaharia wa Kifilipino walioshuka kwenye meli za Manila walipanda minazi huko Colima, wakagema tembo, wakalikeneka kwa mitambo ya mtindo wa Asia. Ufundi huo ukahamia kwenye agave, na mitambo ya shaba ya Wahispania ikaongezeka. Serikali ya kikoloni, kwa kulinda mvinyo na brandi ya Hispania, iliipiga marufuku pombe hiyo mara kadhaa, na wakenekaji wakajificha mabondeni. Anayejua historia ya gongo na chang'aa hahitaji maelezo zaidi.

Kwa muda mrefu mezcal ilikuwa pombe ya maskini, ya harusi na ya mazishi. Funza ndani ya chupa aliingizwa katikati ya karne ya 20 ili iuzwe kwa wageni. Mwaka 1994 jina lenyewe lilipata ulinzi wa kisheria kama jina la mahali, kama walivyofanya Wafaransa kwa Champagne. Kanuni ya 2016 ikagawa madaraja matatu kulingana na namna inavyotengenezwa: la kawaida, la kifundi na la kiasili. Uzalishaji uliosajiliwa, ambao mwaka 2011 ulikuwa karibu lita milioni moja, ulipita lita milioni 14 mwaka 2022. Mlima wa kuni, maji ya mabaki yenye asidi yanayomwagwa mitoni, agave za porini zinazong'olewa kabla ya kutoa ua na kulisha popo wanaozichavusha: gharama hizo hubaki bondeni. Na mmea wa miaka minane haumngojei mnunuzi wa msimu mmoja. Uhaba wa agave ulipowapata watengenezaji wa tequila wa Jalisco karibu na mwaka 2000, walituma malori Oaxaca kununua espadín, bei ikapaa, kila mtu akapanda, na miche ilipokomaa malori hayakurudi.

Kujisajili kunagharimu: vipimo vya maabara, ukaguzi, stika ya kila chupa. Mzee mwenye mtambo mmoja na lita mia chache kwa mwaka mara nyingi haoni faida yake. Sheria humkataza kuandika neno mezcal, kwa hiyo lebo yake husomeka "kinywaji kilichokenekwa cha agave", na huiweka mezani huku lango la mji wake likijitangaza barabarani. Wageni wa zamani walizipita chupa hizo wakitafuta zenye stika. Sasa kuna wanunuzi kutoka Los Angeles na Mexico City wanaofika Matatlán wakiulizia hizohizo zisizo na jina, na mzee, ambaye hajabadilisha chochote ndani ya chupa, ameongeza bei.